Kura Elfu Arobaini za Stori, na Msichana wa Ngara Ambaye Hakuulizwa

Yule dada kaachia nyingine. Jina linahifadhiwa, na hata lingetajwa lisingesaidia kitu, maana dada huyu ni wengi, wa kike kwa wa kiume: wafuasi laki kadhaa, tiki ya bluu, dili mbili tatu za matangazo na mdomo usiopumzika. Hapa wamefanywa mtu mmoja ili stori iende.

Jumapili jioni aliweka kura kwenye stori zake. Swali: "Mwanaume wa Kagera, anapenda kweli au anajisikia tu?" Vibonye viwili, basi. Kufika Jumatatu usiku kura zimeshamiminika, upande wa "anajisikia" unaongoza kwa mbali, na dada kaingia laivu na uso wa ushindi. "Msiseme nawaonea. Nimefanya utafiti. Watu elfu arobaini wamejibu. Elfu arobaini, jamani, sio wawili!"

Watu walicheka, na kucheka ruksa. Utani wa nshomile ni mkongwe kuliko intaneti yenyewe, na Wahaya wenyewe wanaujua, wengine wanauchochea makusudi. Utani hauna shida. Shida ni lile neno "utafiti", na ile elfu arobaini inayotupwa mezani kama turufu, kana kwamba namba ikishakuwa kubwa mjadala umefungwa.

Hebu itazame vizuri hiyo elfu arobaini. Ili kura yako ihesabiwe ilibidi uwe na simu janja, uwe na bando, uwe unamfuata dada, uwe umefungua stori ndani ya saa 24, na zaidi ya yote swali likuguse kiasi cha kubonyeza. Aliyeachwa na Mhaya wiki iliyopita kabonyeza kabla hajamaliza kusoma. Aliyeolewa na Mhaya akatulia zake miaka kumi na miwili yuko jikoni, hana habari. Hakuna aliyewachagua watu hawa, wamejichagua wenyewe. Hata wangefika laki nne, ni watu wa aina moja wanaorudia jibu moja.

Halafu kuna hiyo "Kagera" yenyewe. Kwa watu wengi wa Dar, Kagera maana yake Bukoba, na Bukoba maana yake Mhaya. Sasa shuka kusini. Ngara ni Wahangaza na Washubi, na Kihangaza kinasikilizana na Kirundi kuliko na Kihaya. Biharamulo ni Wasubi, Wazinza na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 320,000 Ngara na zaidi ya 320,000 Biharamulo. Zaidi ya laki sita, wamefungwa kwenye kifurushi cha "mwanaume wa Kagera" na hakuna hata mmoja aliyejua kuwa anajadiliwa.

Kama ingeishia kwenye mapenzi, wala isingestahili kuandikwa. Lakini dada kapata ubalozi.

Safari hii ni kampeni ya taulo za kike kwa wasichana wa shule, jambo jema kabisa, na kwa hilo apewe maua yake. Msafara umetokea Kahama, ukaingia Nyakanazi, ukafuata lami: Lusahunga, Nyakahura, kisha Benaco kule Ngara, hadi Rusumo mpakani na Rwanda. Shule nne, zote gari linapofika bila kuchafuka. Kila shule mwalimu mkuu alipigiwa simu siku moja kabla aandae wasichana kumi wa kuongea na mgeni. Mwalimu gani, kwa akili zake timamu, atamtolea mgeni mwenye kamera mtoto mtoro aliyechanika sketi? Walitolewa viranja, walitolewa wanaojieleza vizuri, walitolewa waliofua juzi. Wakaulizwa: "Ukiwa kwenye siku zako, unakosa shule?" Karibu wote wakasema hapana.

Dada akaposti akiwa anafuta machozi ya furaha. Wasichana wa Ngara na Biharamulo wako imara kuliko tunavyodhani, tatizo la taulo limekuzwa, wanachohitaji ni hamasa. Koti la balozi limemkaa, mwanga mzuri, muziki wa chini chini. Na wadhamini wanaangalia posti kama hiyo pale wanapoamua katoni ziende wapi.

Rudi kwenye swali lake pole pole. Aliwauliza walioko shuleni kama huwa wanakosa shule. Yule ambaye siku hiyo alikuwa kwenye siku zake na hakuwa na kitu cha kujisitiri alikuwa nyumbani, amekalia kanga, kilomita nyingi kutoka lami, pengine Murusagamba, pengine Kaniha. Kampeni nzima imeanzishwa kwa ajili yake, na njia iliyotumika kutafuta jibu imehakikisha ndiye pekee asiyeweza kuulizwa. Ni sawa na kusimama ndani ya daladala na kuuliza abiria: "Nani kaachwa na gari?"

Wasomi nao wasicheke sana, maana wana kaka yao. Huyu yuko mwaka wa mwisho, utafiti wake ni wa maisha ya kaya za Biharamulo, na supavaiza kamwambia aoneshe amepataje ukubwa wa sampuli. Kaka kafungua disateshoni ya mwaka juzi aliyoitoa kopi stesheneri ya jirani na chuo, akakuta fomula ya Yamane, ile inayopendwa na vyuo vyote vya Bongo: chukua idadi ya watu, igawe kwa 1 jumlisha idadi hiyohiyo mara kosa unalovumilia likiwa kipeo cha pili. Kosa asilimia 5. Kaka kaingiza watu wa Biharamulo, kapata 399 na nukta. Kafurahi. Hesabu imekubali.

Pesa ya kujikimu ilikuwa ya wiki moja. Kaka kashuka stendi ya Nyakanazi na madodoso 400, kagawa kwa kila aliyekubali kusimama. Nyakanazi ni njia panda: kuna wa Kahama, wa Kigoma, kuna madereva wa malori ya Kigali na Bujumbura wanaosubiri chips zao. Siku ya tatu madodoso yamejaa. Sura ya tatu ya kitabu chake inasema kwa kujiamini kwamba ametumia sampuli nasibu, maana yake kila kaya ya Biharamulo ilikuwa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Kaya ya Kalenge ilikuwa na nafasi gani ya kuchaguliwa na mtu asiyetoka stendi? Sifuri. Dereva wa Kigali alikuwa na nafasi kubwa kuliko mkulima wa wilaya inayochunguzwa.

Fomula haina kosa. Ila inajibu swali moja tu, wangapi, na inachukulia kwamba lile lingine, nani na kwa njia gani, umeshalimaliza kwa haki. Na ina tabia moja inayowashangaza wengi. Weka watu wa Ngara peke yao, inakupa 400 hivi. Weka mkoa mzima wa Kagera wenye karibu watu milioni 3, inakupa 400. Weka Tanzania yote, zaidi ya milioni 61 kwa sensa ya 2022, bado 400. Wanaoona hivyo mara ya kwanza hudhani wanapigwa.

Hawapigwi. Mnunuzi wa maharage anajua. Ana bambo lake, kile chuma chenye mfereji cha kuchomea gunia, anachoma juu, anachoma katikati, anachoma chini, punje zinamwagika kiganjani na anakutajia bei. Gunia likiwa kubwa mara mbili hahitaji bambo kubwa mara mbili. Anachohitaji ni kwamba asichome juu tu, maana juu ndipo muuzaji alipopanga punje nzuri. Dada kachoma juu tu, mara elfu arobaini.

Ila hapo kuna mtego mwingine ambao ndio unaoziumiza Ngara na Biharamulo zaidi. Kagera sasa ina halmashauri nane. Ukigawa watu wako 400 sawasawa, kila halmashauri inapata 50. Mia nne zinakuruhusu kusema kitu juu ya mkoa kwa kosa la kama asilimia 5 juu au chini. Hamsini za Ngara zina kosa la kama asilimia 14. Yaani ukisema nusu ya watu wa Ngara wanataka jambo fulani, ukweli unaweza kuwa theluthi au karibu theluthi mbili. Kwa hiyo ripoti ya mkoa inaweza kuwa halali kabisa, na ukurasa wake unaotamba kuhusu Ngara ukawa ubashiri wa mganga. Na kupunguza kosa ni ghali: ukitaka liwe nusu, unahitaji watu mara nne. Ndiyo maana wilaya za pembezoni husemewa na wastani wa mkoa, na wastani wa mkoa unakaa karibu na palipo na watu wengi na barabara nzuri.

Yote hii ingekuwa lawama tupu kama hakuna aliyewahi kufanya vizuri. Cha ajabu, waliofanya vizuri walifanyia hapohapo, Ngara na Biharamulo zikiwemo, miaka zaidi ya thelathini iliyopita, bila simu janja hata moja.

Mwaka 1991 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza Utafiti wa Afya na Maendeleo Kagera, wengi wanaufahamu kwa herufi KHDS. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na swali lilikuwa zito: mtu mzima akifa, nyumba aliyoiacha inaishije? Watoto wanakula nini, wanaendelea na shule, shamba linalimwa na nani?

Hawakwenda kwa wenyeviti kuomba "familia kumi za kuongea na mgeni". Walichukua sensa ya 1988, wakaugawa mkoa kwa kanda za kilimo na kwa viwango vya vifo, juu na chini, kisha ndani ya kila fungu wakachagua maeneo kwa bahati nasibu. Yakapatikana maeneo 51. Halafu wakaenda mlango kwa mlango kuorodhesha kaya za maeneo hayo, zaidi ya 29,000, kabla ya kumhoji mtu yeyote maswali marefu. Orodha kwanza. Huwezi kuchezesha bahati nasibu ya tiketi ambazo hazijachapishwa, na nyumba isiyo kwenye orodha haina tiketi.

Orodha ikawaonesha tatizo. Pamoja na misiba yote ile, kaya zilizokuwa na mtu mzima mgonjwa asiyeweza kazi au zilizofiwa na mtu mzima mwaka uliopita zilikuwa chini ya 1 kati ya 10. Kama wangechagua kaya 16 kwa kila eneo kwa kufumba macho, wangepata moja hivi yenye jambo walilofuata, na kumi na tano zisizo nalo. Kwa hiyo walifanya jambo linaloonekana kama upendeleo: katika kila eneo, kaya 14 kutoka kundi lenye ugonjwa au msiba, kaya 2 kutoka kundi lililo salama. Lakini ni upendeleo wenye risiti. Kwa kuwa wana orodha, wanajua kila kaya ilikuwa na nafasi kiasi gani, na wakati wa kukokotoa hali ya mkoa kila kaya inapewa uzito wake, zilizozidishwa zinapunguzwa na zilizopunguzwa zinaongezwa. Dada naye alipendelea watu fulani. Tofauti ni kwamba yeye hana risiti, wala hajui kama alipendelea.

Mwisho wa siku kaya zilizohojiwa zilikuwa 915, nyingi zikirudiwa hadi mara nne kati ya 1991 na Januari 1994. Mia tisa na kumi na tano tu, kwa mkoa mzima. Ziweke pembeni ya elfu arobaini za stori.

Na kwa nini 16 kwa maeneo 51, badala ya mia nne mia nne kwenye vijiji viwili, nauli ikapungua? Kwa sababu majirani wanafanana. Wanachota maji kisima kimoja, wanauza maharage kwa mnunuzi mmoja, mvua ikikataa inawakatalia wote. Ukimhoji wa kumi na sita kwenye kitongoji kimoja, karibu umeshamsikia. Wa mia tatu anakula muda wako bure. Bora upande pikipiki uende kwingine.

Januari 1994 nayo inahitaji kusimamiwa kidogo. Miezi mitatu baadaye, mwishoni mwa Aprili, watu wapatao 250,000 waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya takriban siku moja. Benaco ikawa jiji la maturubai. Mtafiti aliyehoji Ngara Januari na aliyehoji Juni wangeleta Ngara mbili tofauti, kila mmoja na fomula yake safi. Wale wa 915 walikuwa na picha ya kabla, na ndiyo maana wachumi waliokuja baadaye waliweza kuuliza nani alinufaika na nani aliumia kwa ujio ule, badala ya kubishana kwa kumbukumbu.

Sehemu tamu inakuja 2004. Timu ilirudi kuwatafuta watu wale wale. Miaka kumi imepita! Waliokuwa watoto wameoa, walioolewa wameachika, nyumba nyingine zimefungwa. Mtu wa haraka angeingia kijijini, akahoji waliopo, akaandika "wengine hawakupatikana" na kurudi mjini kula bata. Hawa walikaa kwa ndugu na majirani wakiuliza: yule binti wa fulani yuko wapi? Mwanza. Mwanza wapi? Wakamfuata Mwanza, wakafuata wengine Dar, wakavuka hadi Uganda. Katika kaya za mwanzo, asilimia 93 walipata angalau mtu mmoja wa kumhoji tena, na 915 zikawa zimezaa kaya zaidi ya 2,700. Mwaka 2010 wakarudia tena.

Faida yake? Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walilinganisha watu waliokuwa wakiishi nyumba moja 1991, mmoja akahama, mwingine akabaki. Kwenye matokeo yao yaliyochapishwa 2011, kuhama kuliongeza pointi 36 za asilimia kwenye ukuaji wa matumizi ya mtu katika miaka ile 13. Pointi 36! Sasa fikiria wangehoji waliobaki tu. Ripoti ingesema watoto wa Kagera wamesonga mbele kidogo tu, wakati waliosonga sana walikuwa Mwanza na Dar wanapanga foleni za daladala na wewe. Wengine huenda ni wazazi wako, msomaji mwenye asili ya Ngara uliyezaliwa Tabata.

Ni mtego uleule wa darasa la dada, umegeuzwa tu. Kule aliyekosekana ndiye mwenye shida zaidi, huku aliyekosekana ndiye aliyefanikiwa zaidi. Kote kuwili, ukihoji waliopo unapata jibu la waliopo.

Watu wa simu pia wanalijua hili, sio kwamba simu ni haramu. Twaweza walipoanzisha Sauti za Wananchi, utafiti wa kupiga simu, walijua kabisa kwamba wakipiga namba za wenye simu watawapata wenye simu. Basi walichagua kaya kwanza, kwa bahati nasibu, kisha wakawagawia waliochaguliwa simu na chaja za sola. Ni gharama, ndiyo. Lakini mama asiye na umeme akapata kuwa mmoja wa waliojibu, na jibu lake likahesabiwa sawa na la mtu wa Masaki.

Na wasioamini kwamba namba kubwa inaweza kudanganya kiasi hicho wawaulize Wamarekani. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest lilituma karatasi za kura milioni 10, likapokea majibu zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon anamshinda Roosevelt. Majina mengi walikuwa wameyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, miaka ya njaa ile, maskini hana simu wala gari. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. George Gallup, aliyehoji watu wachache zaidi kwa mbali, alikuwa amesema Roosevelt atashinda. Gazeti halikudumu muda mrefu baada ya hapo. Dada ana bahati, yeye stori zake zinafutika baada ya saa 24.

Wapo watakaosema hapa anaonewa, yeye ni mburudishaji tu, si ofisi ya takwimu. Sawa. Aendelee na kura za nani kavaa vizuri, hakuna atakayemdai orodha ya kaya. Ila siku katoni za taulo zinapoelekezwa kwa kufuata posti yake, kazi imeshabadilika hata kama mkao wa kamera ni uleule, na anayelipa kosa ni mtoto ambaye hata posti hiyo hataiona.

Kaka wa Nyakanazi yeye ana unafuu, maana anaweza kusema ukweli na bado akahitimu. Aandike tu kwamba amehoji watu 400 aliowakuta stendi, kwamba matokeo ni ya watu wa stendi, na abadilishe jina la kitabu. Kingekuwa kitabu kizuri, kwa kweli. Maisha ya njia panda ya Nyakanazi hayajaandikwa vya kutosha.

Dada ametangaza anarudi Lusahunga mwezi ujao na msafara mkubwa zaidi, wasichana mia mbili safari hii. Akifika ofisi ya mwalimu mkuu, wale mia mbili waliopangwa mstari awaache kwanza. Aombe daftari la mahudhurio la miezi mitatu, atafute majina ya wasichana yenye alama za kukosa, ayaandike kwenye vikaratasi, avikunje, achanganye, achomoe ishirini. Kisha apande pikipiki.